Usiuze Ng'ombe Kabla ya Kuuliza: Mashauri Juu ya Matibabu ya Ulevi

Mwezi wa pili mwaka huu mama mmoja alikuja ofisini kwetu kuuliza bei ya mtamba mwenye mimba. Nilifungua daftari la soko nikamtajia. Hakuondoka. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Karani, nataka kuuza wawili. Nataka kumpeleka baba watoto kwenye kituo cha walevi, akae miezi mitatu.”

Nikamwuliza, “Nani amesema yafaa akae miezi mitatu?”

“Majirani. Na tangazo nililoliona sokoni.”

“Daktari amemwona, mama?”

“La, bado.”

Mimi ni karani wa kilimo, si daktari. Lakini jambo hili nalijua kwa sababu lilipita nyumbani kwetu, nasi tulikosea karibu katika kila hatua. Tena katika kazi yangu nimeona mashamba mazuri yakianguka, si kwa ukame wala kwa wadudu, bali kwa pombe. Ng'ombe hakamwi kwa wakati wake, chai haichumwi, fedha za maziwa zaingia katika simu asubuhi na jioni zimekwisha. Kwa hiyo nimewauliza waganga wa hospitali yetu, nimesoma, na hapa nitaeleza mambo ambayo yampasa mkulima kuyajua kabla ya kuuza kitu chochote.

ULEVI NI UGONJWA, NAO UNA VIPIMO

Uchunguzi uliofanywa na NACADA mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya karibu mtu 1 katika kila 8, wa umri wa miaka 15 hadi 65, alikuwa akinywa pombe. Si wote hao waliokwisha kuwa watumwa wa pombe. Yupo anywaye na kuacha apendapo, yupo anywaye kupita kiasi, na yupo aliyeshikwa. Hali hii ya kushikwa ndiyo siku hizi huitwa uraibu.

Shirika la Afya Duniani lataja alama tatu za kumjua aliyeshikwa:

1. Hawezi tena kujizuia. Asema atakunywa chupa moja na kurudi, naye harudi mpaka usiku wa manane.

2. Pombe imetangulia mambo mengine yote. Karo ya shule, mbolea, hata ugonjwa wa mtoto, vyote vyangoja nyuma yake, naye aendelea kunywa ingawa aona madhara.

3. Mwili wenyewe umezoea. Yamhitaji pombe nyingi zaidi kuliko zamani ndipo alewe, na akiikosa hutetemeka mikono, hutoka jasho, hakosi kutapika, wala hapati usingizi.

Mwenye alama mbili katika hizo tatu, kwa muda mrefu, huhesabiwa kuwa ameshikwa. Mtu kama huyu haponi kwa kutukanwa. Wala hakuwa mjinga tangu mwanzo. Wengi ni watu hodari wa kazi.

SIKU ZA KWANZA ZAWEZA KUUA

Hapa ndipo sisi tulipokosea kwanza. Ndugu yangu mkubwa alikuwa akinywa tangu alfajiri. Mkewe alikwisha kurudi kwao na watoto. Mwaka 2019 tulishauriana sisi wa ukoo, tukakata shauri kumfungia ghalani siku tatu, na uji na maji, mpaka pombe imtoke. Mimi ndimi niliyeshika ufunguo.

Siku ya kwanza alitutukana. Siku ya pili alinyamaza, nasi tukafurahi tukidhani anapona. Usiku ule nikasikia kishindo. Nilimkuta chini, meno ameyakaza, mwili wote watikisika, na povu mdomoni. Tulimpakia katika gari la maziwa tukampeleka hospitali. Daktari alituambia, “Mngalingoja hadi asubuhi, mngaliniletea maiti.”

Kisha akatueleza sababu. Pombe huulaza ubongo. Inywewapo kila siku kwa miaka, ubongo nao hujitia nguvu ili kushindana nayo. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja huku na mmoja huku. Huyu wa nje akiondoka ghafla, yule wa ndani huanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Ndivyo ubongo ufanyavyo pombe ikikatishwa kwa ghafla.

Kutetemeka huanza saa 6 hadi 24 baada ya kunywa mara ya mwisho. Kifafa huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Tangu siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka, huona vitu visivyokuwapo, hawajui walipo, na mwili huwaka kwa joto. Hali hii ya mwisho isipotibiwa yaweza kuua. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza ubongo, kama vile diazepam, kwa kipimo kinachopunguzwa siku kwa siku, na tena vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa mwilini. Msinunue dawa hizi dukani na kumpa wenyewe.

Basi shikeni neno hili. Mtu anywaye tangu asubuhi kila siku asikatishwe pombe ghafla nyumbani kabla ya kuonwa na daktari. Na mtu aliyewahi kupata kifafa au kuweweseka alipoacha pombe, asijaribu tena kuacha akiwa nyumbani. Mahali pake ni hospitali.

KAZI TATU, SI MOJA

Watu wengi hudhani kwamba kituo humaliza kila jambo. Kwa kweli matibabu ya ulevi yana kazi tatu, na kila moja ina mahali pake.

Kazi ya kwanza ni kuutoa mwili katika pombe salama. Hii ni kazi ya daktari na wauguzi, nayo kwa kawaida huchukua siku chache, yapata juma moja.

Kazi ya pili ni kumfundisha mtu kuishi bila pombe: kujua ni nini kinachomsukuma kunywa, na afanye nini hamu ikimjia. Hii ni kazi ya mshauri aliyesomea. Yaweza kufanyika kituoni mgonjwa akilala huko, mara nyingi kwa miezi mitatu, au yaweza kufanyika kliniki, mgonjwa akija mara moja au mbili kwa juma na kurudi nyumbani.

Kazi ya tatu ni kumtunza baada ya hayo, kwa mwaka mmoja au zaidi. Hii ndiyo ndefu kupita zote, nayo ndiyo isahauliwayo na wengi.

Nasi tuliisahau. Ndugu yangu alipotoka hospitali tulimpeleka moja kwa moja kwenye nyumba moja iliyojiita kituo. Hatukuuliza cheti. Tuliuza ng'ombe mmoja na mikaratusi yote ya mpakani. Baadaye tulipata kujua kwamba hapakuwa na daktari wala mshauri, bali vijana wenye fimbo na lango lenye kufuli. Alikaa miezi mitatu bila pombe kwa kuwa lango lilifungwa. Alirudi siku ya Jumatatu amenenepa, tukachinja mbuzi. Siku ya Alhamisi fedha za maziwa zililipwa, na jioni ile akaletwa nyumbani juu ya pikipiki, hajitambui. Ng'ombe amekwenda, miti imekwenda, na ugonjwa uko pale pale.

PIMA UDONGO KWANZA

Kila mwaka tunawaambia wakulima wapime udongo kabla ya kununua mbolea. Kwa nini? Kwa sababu shamba moja lataka chokaa, jingine lataka samadi, na mbolea ya bei kubwa ikitiwa mahali pasipoihitaji ni fedha iliyomwagwa. Mgonjwa wa pombe ni vivyo hivyo. Apimwe kwanza.

Nendeni katika zahanati au hospitali ya kaunti ndogo mkamwombe tabibu ampime. Yako maswali kumi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kazi hii: mtu hunywa mara ngapi, kiasi gani, ameshindwa mara ngapi kuacha akiisha kuanza, amemjeruhi mtu, na kadhalika. Kila jibu lina alama zake, na jumla haipiti 40. Anayepata 8 au zaidi yu katika hatari. Anayepata 20 au zaidi yaelekea ameshikwa, naye yafaa achunguzwe zaidi. Tena tabibu atapima ini, shinikizo la damu, na hali ya akili.

Wengine watauliza, “Je, kulala kituoni si bora siku zote?” Ninyi mliokuja kwenye viwanja vyetu vya majaribio mwajua tufanyavyo. Mbegu mbili, udongo mmoja, mvua moja, na kura ndiyo inayoamua kiwanja kipi kipate mbegu ipi. Madaktari nao wamefanya majaribio ya namna hii kwa watu.

Mwaka 1977 madaktari wa London walitangaza habari za wanaume 100 walioshikwa na pombe, wote wenye wake. Wote walichunguzwa kwa uangalifu. Kisha nusu walipewa shauri moja tu, mume na mke pamoja. Na nusu wakapewa matibabu kamili, hata kulazwa kwa aliyehitaji. Baada ya miezi 12 hapakuonekana tofauti kubwa kati yao.

Lakini mwaka 1991, huko Marekani, wafanyakazi 227 wa kampuni moja walijaribiwa kwa njia kama hiyo. Wengine walilazwa hospitali kwanza, wengine walipelekwa katika mikutano ya walevi walioacha, na wengine waliachwa wachague. Waliolazwa kwanza, 23 katika kila 100 walihitaji kulazwa tena. Waliopelekwa katika mikutano tu, 63 katika kila 100 walihitaji kulazwa baadaye.

Majaribio haya mawili yatufundisha nini? Kwamba kulala kituoni si dawa ya kila mtu, wala si upuuzi. Mtu mwenye mke, makao, na nguvu bado, aweza kupona kwa shauri na kliniki. Mwingine asipolazwa atapotea. Kazi yetu ni kumjua wetu ni yupi.

NANI ALAZWE?

Kwa mashauri ya waganga, yafaa kulazwa mtu wa namna hizi:

1. Aliyewahi kupata kifafa au kuweweseka alipokosa pombe. Huyu aanzie hospitali, ndipo aende kituoni.

2. Aliyejaribu matibabu ya kliniki kwa kweli, akahudhuria, na bado akashindwa.

3. Asiyekuwa na nyumba salama: akaaye peke yake, au katika boma ambamo chang'aa hupikwa, au pamoja na wenzake wanywao.

4. Mwenye ugonjwa wa akili pamoja na ulevi, au anayesema anataka kujiua. Huyu msingoje. Mpelekeni hospitali siku ile ile, wala msimwache peke yake.

5. Aliye hatari kwa watoto au kwa mkewe. Hapa kwanza waliomo hatarini waondolewe.

Yafaa kuanza na kliniki mtu ambaye hajawahi kupata hatari hizo, ana wa kukaa naye asiyekunywa, aweza kufika kliniki kila juma, na mwenyewe akubali. Akishindwa, mlango wa kituo bado uko wazi, na fedha zenu bado mnazo.

Nanyi msidhani nasema juu ya wanaume tu. Wako akina mama walioshikwa, nao hunywa kwa siri kwa kuogopa aibu. Mama akihitaji kulazwa, hesabu yake iwe pamoja na nani atakayewatunza watoto, kwa sababu wengi hukataa matibabu kwa ajili hiyo tu.

BHANGI NA HEROINI

Kwa mvuta bhangi, matibabu makubwa ni ushauri, na wengi hutibiwa wakiwa nyumbani. Isipokuwa akirukwa na akili, ndipo alazwe. Kwa mtumiaji wa heroini, iitwayo unga, mambo ni mengine. Iko dawa ya methadone, anywayo kliniki kila siku mbele ya muuguzi, ikituliza hamu ili aweze kufanya kazi. Katika Kenya dawa hii ilianza kutolewa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika pwani. Mtu huyu si lazima afungiwe mahali. Na tena jihadharini: mwili uliokaa miezi bila heroini hauwezi tena kipimo cha zamani. Akitoka kituoni na kurudia kipimo kile, aweza kufa siku ile ile.

FANYA HESABU

Nilimpa yule mama karatasi tukafanya hesabu. Tulisema, kwa mfano, kituo chataka shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni shilingi 120,000. Hiyo ndiyo bei iliyo katika tangazo. Kisha tukaongeza yasiyokuwa katika tangazo: siku za hospitali kabla ya kituo, nauli ya kumtembelea, mshahara wa kijana wa kukata majani na kukama, na nauli ya kliniki mwaka mzima baada ya kutoka.

Upande wa pili tukaandika mitamba. Tuseme kila mmoja akizaa atatoa lita 10 kwa siku, na lita 8 ziuzwe kwa shilingi 50. Hiyo ni shilingi 400 kwa siku, yaani 12,000 kwa mwezi wa siku 30. Kwa wawili ni 24,000 kabla ya kutoa gharama za chakula na dawa. Fedha hizo ndizo karo na chakula cha watoto.

Sikumwambia asiuze. Maisha ya mtu ni bora kuliko ng'ombe, na ikiwa mtu ni mmoja wa wale wa kulazwa, ng'ombe auzwe. Lakini asiuzwe kwa neno la jirani. Na asiuzwe wote kwa ajili ya miezi mitatu, ikawa hakuna senti iliyobaki kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ulizeni pia kama bima yenu ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipia mahali mnapotaka kwenda na kwa kiasi gani. Ulizeni kabla ya mgonjwa kuingia.

MASWALI YA KUULIZA KITUONI

Mtu hanunui ng'ombe bila kumwangalia kiwele. Nendeni mkakione kituo wenyewe, kabla ya siku ya kumpeleka mgonjwa, mkaulize haya:

Kiko wapi cheti chenu? NACADA, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2012, ina orodha ya vituo vilivyokubaliwa. Ulizeni orodha hiyo kwa simu ya bure, namba 1192.

Mgonjwa akipatwa na kifafa usiku, nani yuko hapa, na hospitali iliyo karibu ni ipi?

Washauri ni wangapi, na walisomea wapi?

Anayemeza dawa za kifua kikuu, za Ukimwi au za shinikizo la damu, je, ataendelea kuzipata?

Jamaa wataruhusiwa kumwona lini? Mtatufundisha na sisi wa nyumbani?

Gharama zote ni kiasi gani, kwa maandishi?

Baada ya kutoka, nani atamfuata?

Wakikataa kuwaonyesha mahali pa kulala, au wakisema hakuna kuonana naye mpaka miezi imalizike, rudini nyumbani na fedha zenu. Na wakisema hutumia fimbo, jueni kwamba kifungu cha 29 cha Katiba ya mwaka 2010 chakataza mtu yeyote kuteswa. Kumpiga mgonjwa si matibabu.

MWENYEWE ASHIRIKISHWE

Usimwambie mambo haya jioni akiwa amelewa, wala mbele ya watu. Mngoje asubuhi, akiwa na akili yake. Usimtukane, mweleze mambo uliyoyaona, moja moja. “Mwezi uliopita tulipeleka lita 210, na fedha zilizofika nyumbani ni za lita 40. Mtoto alifukuzwa shule mara mbili.” Hesabu haina matusi, naye hawezi kugombana nayo. Kisha mpe njia mbili achague: twende kwa tabibu Jumatatu, au twende Jumatano? Amtake nani amsindikize? Akikataa leo, sema tena baada ya juma moja.

Na jambo jingine. Wako watu wauzao unga wa kumtilia mlevi katika chai kwa siri ili aichukie pombe. Msiwasikilize. Iko dawa ya kweli iitwayo disulfiram, ambayo hufanya pombe imdhuru anywaye: moyo wamwenda mbio, atapika, apata kizunguzungu kikali. Dawa hiyo yafaa kwa mtu ajuaye kwamba anaimeza, tena chini ya daktari. Akitiliwa kwa siri, naye anywe kama kawaida yake, aweza kufa. Ziko pia dawa za kupunguza hamu, kama naltrexone. Daktari ndiye atakayesema ni ipi inayofaa.

KURUDI KWENYE MALISHO

Kila mfugaji ajua kwamba ng'ombe akiogeshwa katika josho leo, na kesho akarudishwa katika malisho yaliyojaa kupe, ndigana itampata tu. Hakuna anayelaumu josho. Josho ni la kila juma.

Mara ya pili tulipompeleka ndugu yangu, tulianza na hospitali ya kaunti. Walimpima, wakaona ni wa kulazwa kwa sababu ya kile kifafa na kwa kuwa alikaa peke yake. Akakubali mwenyewe. Kituo kilikuwa na cheti, nasi wa nyumbani tuliitwa mara nne tukafundishwa. Kabla hajatoka tulikaa naye tukaandika mambo haya katika daftari. Fedha za maziwa zitaingia katika simu ya mama yetu kwa miezi sita, kwa idhini yake mwenyewe. Siku ya malipo hatakwenda sokoni peke yake. Maziwa yatapelekwa kwa njia ya juu, isiyopita penye vilabu. Kila Alhamisi atakwenda kliniki, na jioni ya Jumamosi atakwenda katika mkutano wa walevi walioacha. Mikutano hiyo ilianza Marekani mwaka 1935, hata Kenya iko, wala haina malipo.

Je, hakuanguka? Alianguka. Krismasi ya kwanza alikunywa siku tatu. Zamani tungalipiga kelele na kusema fedha zimepotea. Lakini tulikwisha kufundishwa kwamba katika watu 100 wanaotibiwa, 40 hadi 60 hurudia wakati fulani, kama vile mgonjwa wa shinikizo la damu anavyoweza kuugua tena akiacha dawa. Siku ya nne tulikuwa naye kliniki. Tangu hapo hajaonja. Mkewe amerudi. Hajazungumza nami juu ya ile ghala, wala mimi sijathubutu kumwuliza. Lakini ufunguo wake nilimpa yeye.

NA YULE MAMA?

Mumewe alikubali kwenda kwa tabibu, si mara ya kwanza kuombwa, bali mara ya tatu. Alipata alama 17. Hakuwahi kupata kifafa, ana mke asiyekunywa, na kliniki iko mwendo wa saa moja kwa miguu. Aliambiwa aje kila juma, naye amekuwa akienda, isipokuwa majuma mawili aliyoyakosa mwezi wa nne, akanywa. Alirudi mwenyewe.

Mitamba hawakuuzwa. Mmoja amezaa. Juma lililopita mama alikuja tena ofisini, safari hii pamoja na mumewe, kuuliza mbegu ya majani ya Napier. Mume ndiye aliyeuliza. Niliwaandikia.

Basi nawe msomaji, ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, usimfungie, usimpige, wala usikimbilie soko la ng'ombe. Mpeleke apimwe. Piga simu 1192 uulize. Halafu fanya hesabu ya mwaka mzima, si ya miezi mitatu.